Vijana Wetu ni Wavivu, ama Tuliwafungia Uwanja? Historia Fupi Kutoka Makutano

1. Wadau, kuna sentensi mbili hurudi kila msimu wa kampeni kama mvua ya Aprili. Jukwaa la kwanza linasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanakaa kwa simu, enzi zetu tulikimbia kwenda shule bila viatu. Jukwaa la pili linasema shida ni stadium, nichagueni nitawajengea. Umati unapiga makofi pande zote mbili. Leo tuziangalie hizo sentensi kihistoria. Sheria yetu ni ile ile: hakuna kutaja mwanasiasa wala chama.

2. Kwanza, Makutano gani? Kenya ina Makutano nyingi. Kuna ya West Pokot. Kuna ile ya chini, pale unapoacha barabara ya Nyeri ukaingia ya Mwea na Embu. Na kuna hii yetu ya Meru mjini, ambapo mimi nimelelewa. Nitaongea kuhusu Meru na Embu pamoja, kwa sababu historia yetu imefungwa kwa kamba moja. Mtaona ni kwa nini.

3. Mada ni vijana wa miaka 13 hadi 19 na mazoezi ya mwili. Si ubingwa wala medali. Ni kukimbia, kucheza mpira, kuruka kamba, kuendesha baiskeli, kitu cha kukufanya upumue kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

4. Wangapi wanafikisha? Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa uliotumia takwimu za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146. Kufikia 2016, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikisha hicho kiwango. Wavulana asilimia 78, wasichana asilimia 85. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ni uvivu wa vijana wa mtaani kwetu, jua anazungumzia jambo la dunia nzima. Uvivu hauwezi kushika nchi 146 kwa mpigo.

5. Sasa swali la maana: kwa nini vijana wawili, mtaa mmoja, uwanja mmoja, mmoja anatoka kwenda kucheza na mwingine anabaki nyumbani? Hapa kuna mwanasaikolojia anaitwa Albert Bandura. Mwaka 1977 alieleza kwamba watu hufanya au huacha jambo kulingana na imani yao kwamba wataliweza hata mambo yakiwa magumu. Si imani ya jumla ya kujiona wewe ni moto wa kuotea mbali. Ni imani kuhusu kitu kimoja, mahali pamoja.

6. Ndiyo maana watafiti hawamuulizi kijana kama anajiamini. Wanamuuliza una uhakika gani kwamba utafanya mazoezi siku ukiwa umechoka? Siku mvua inanyesha? Siku homuwaki ni nyingi? Siku marafiki hawataki kwenda? Siku hakuna mtu wa kukushika mkono? Kila swali ni kizuizi. Anayejibu kwamba bado atatoka mara nyingi ndiye unayemkuta uwanjani.

7. Bandura alisema hiyo imani hutoka sehemu nne. Moja, kufaulu mwenyewe, hata kidogo. Mbili, kumwona mtu kama wewe akifaulu. Tatu, maneno ya watu unaowaamini. Nne, namna unavyousoma mwili wako, yaani ukihema unajiambia ninapata nguvu ama ninakufa. Shikeni hizi nne. Nitazipitisha kwenye historia yetu moja baada ya nyingine, na mtaona nani alizivunja.

8. Tuanze zamani kidogo. Kabla ya ukoloni, kijana wa kiume wa Kimeru akishatahiriwa aliingia gaaru, nyumba ya wapiganaji, pamoja na rika lake. Huko mwili ulikuwa somo la kila siku: mbio, mieleka, ngoma za kucha. Hukuingia peke yako, uliingia na rika. Binti alikuwa na kazi ngumu pia, maji na kuni na shamba, lakini hakuwa na gaaru. Mwili wake ulipimwa kwa kazi ya nyumbani. Tusizipambe enzi hizo kupita kiasi. Ule mgawanyo haujaisha.

9. Kisha wakaja wamisheni, Wamethodisti pale Kaaga, Waskoti kule Chogoria, Wakatoliki wa Consolata. Pamoja na shule ikaja drili: simama mstari, inua mkono, shusha. Na mpira pia, tuwe wakweli. Michezo ilikuwa chombo cha nidhamu. Serikali ya kikoloni nayo iliunda chama cha michezo cha Waarabu na Waafrika mwaka 1924, na chama cha riadha cha Kenya kikafuata mwaka 1951.

10. Angalieni huo mwaka 1951, maana hapa ndipo kamba yetu inapofungwa. Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwenye vijiji vya kulindwa. Zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800. Kafyu, pasi za kutembea, kazi za lazima za kuchimba mitaro.

11. Miaka hiyo hiyo ndiyo riadha ya Kenya ilikuwa inajulikana duniani. Mwaka 1954 wakimbiaji wetu walikwenda London na Vancouver. Mwaka 1956 Kenya ikashiriki Olimpiki yake ya kwanza, Melbourne. Yaani wakati vijana wa sehemu nyingine za nchi wanaanza kuonekana kwenye mbio, kijana wa Embu au Meru kukimbia njiani jioni kungeweza kumtia matatani na askari. Sisemi hii ndiyo sababu pekee ya ramani ya riadha ilivyo leo. Nasema anayedai kwamba kuna makabila ya kukimbia na makabila ya biashara aanze kwa kusoma miaka ya hamsini.

12. Turudi kwa sehemu ya pili ya Bandura, kumwona mtu kama wewe. Kenya ilienda Olimpiki 1956, 1960 na 1964 bila mwanamke hata mmoja. Mwaka 1968, Mexico, ndipo wakaenda watatu: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Medali ya kwanza ya mwanamke Mkenya ilisubiri hadi 1996, Pauline Konga, fedha katika mita 5,000. Dhahabu ya kwanza ikawa 2008 Beijing, Pamela Jelimo, mita 800. Alikuwa na miaka 18!

13. Miaka 52 kutoka Olimpiki ya kwanza ya Kenya hadi dhahabu ya kwanza ya mwanamke. Mama yangu alimaliza shule kabla ya hiyo siku. Nyanya yangu hata hakuwa na wa kumtazama. Halafu tunashangaa kwa nini msichana wa Form Two akisikia michezo anafikiria ni mambo ya wavulana.

14. Na hata Jelimo, pamoja na heshima zote, yuko mbali na binti wa Makutano. Bandura alisisitiza mtu kama wewe. Bingwa wa dunia anakufanya ushangilie. Anayekufanya uamini ni dada wa plot jirani, mwenye miguu kama yako na homuwaki kama yako, anayetoka saa kumi na moja jioni kwenda kurusha netiboli. Serikali zetu zote, tangu uhuru, zimewekeza kwa wa kwanza. Wa pili hana bajeti.

15. Sasa shule. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanza, na mtihani wa KCPE nao. P.E. ilikuwa kwa ratiba, lakini haikutahiniwa. Ukisoma siasa unajifunza kitu kimoja mapema: kinachopimwa ndicho kinacholindwa. Shule zilipangwa kwa matokeo, majina yakachapishwa magazetini, mwalimu mkuu akabebwa juu juu au akahamishwa. Katika hali hiyo kipindi cha P.E. kilikuwa yatima.

16. Shule niliyosoma, P.E. ilikuwa Hesabu yenye jina lingine. Mwalimu anaingia na chaki, hakuna hata anayeuliza. Wengi wenu mnaosoma hapa mnajua hiyo stori kwa sababu ni yenu pia. KCPE ilidumu hadi 2023. Fikiria vizazi vyote kati ya 1985 na 2023 vilivyofundishwa, bila neno kusemwa, kwamba mwili ni kitu cha kunyamazisha ili kichwa kifanye kazi. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya Bandura ikichukuliwa: nafasi ya kufaulu kidogo kila wiki.

17. Na si kwamba michezo haikuwepo. Ilikuwepo ya timu ya shule. Wachezaji kumi na watano wanapanda basi kwenda mashindano ya kaunti ndogo, mia sita wanabaki kuimba. Mfumo wetu ulijengwa kutafuta talanta. Mtoto akikosa kuchaguliwa mara mbili tatu, anajifunza kwamba yeye si mtu wa michezo, na hilo jina anatembea nalo hadi utu uzima. Talanta ni jambo zuri, lakini afya ya wale mia sita ni jambo la umma pia.

18. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure. Wanafunzi wakaruka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Hatua kubwa, wacha tuipe haki yake. Lakini viwanja havikuongezeka. Mahali pengi vilipungua, madarasa mapya yakajengwa pale palipokuwa goli. Na hapo ni pale ambapo kiwanja kilikuwa bado kipo.

19. Maana kuna vilivyoliwa. Tume ya Ndung'u iliyochunguza ardhi ya umma ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ikahesabu takriban hati 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria. Ndani yake mna misitu, nyumba za serikali, na viwanja vya shule na vya watoto. Kizuizi cha mazoezi hapa hakiko kichwani mwa kijana. Kiko ofisi ya ardhi.

20. Kisha 19 Januari 2015, Nairobi. Watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta ukuta umezungushiwa uwanja wao. Wakatoka na wanaharakati, wakausukuma ukuta ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa sare za shule! Nchi nzima iliona picha, na serikali ikaagiza kiwanja kirudi kwa shule.

21. Mimi nikisikia mtu akisema vijana hawajiamini, nakumbuka ule ukuta. Wale watoto walikuwa na imani ya kuweza kwa sababu walikuwa wengi, walikuwa na watu wazima nyuma yao, na walijua wanachodai ni chao. Hapo zipo angalau sehemu tatu za Bandura kwa asubuhi moja.

22. Sasa njooni kwa wasichana, maana takwimu zinatuambia hapo ndipo pengo lilipo. Akifika miaka 12 au 13, msichana hukutana na vizuizi vyote kwa wakati mmoja. Hedhi, na pengine hana sodo. Kazi za nyumbani zinazomngoja yeye tu, kaka yake akiwa uwanjani. Macho ya vijana wa stejini anapopita na kaptura. Giza linalomfanya mama aseme rudi mapema. Na mama hana makosa.

23. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa: kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, na pawe na mahali salama pa kuzitupa. Wengi huichukulia kama sheria ya masomo tu. Mimi naiona kama sheria ya michezo pia. Msichana anayeogopa doa hawezi kuruka. Hiyo ni sehemu ya nne, mwili unaousoma kwa hofu. Kila ukisikia sodo zimechelewa kufika shuleni, jua na uwanja umepoteza watu.

24. Kuna hoja huwa inakuja hapa: lakini watoto wetu wanachota maji, wanachuma chai, wanachuma miraa, hayo si mazoezi? Swali zuri, tusilicheke. Kwa misuli na moyo, ndiyo, kazi ni kazi, na watoto wa Imenti au wa Embu ya juu kwenye chai wana nguvu kuliko mimi. Lakini kazi ya lazima haikufundishi kuchagua kutoka. Siku binti huyo akihamia mjini, bomba liko ndani ya plot, boda iko mlangoni, ile kazi imeisha na hakuna kilichobaki mahali pake. Hajawahi kujizoeza kusema leo nimechoka lakini nitaenda.

25. Na boda imebadilisha mengi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki zilipojaa, safari ambayo wazazi wetu walitembea saa nzima ni shilingi hamsini. Silaumu boda, zimeajiri ndugu zetu. Ila ule mkimbio wa kwenda shule ambao wazee hujisifia jukwaani haukuwa ari ya kizazi chao. Haukuwa na mbadala. Wakimpa kijana wa leo sifa mbaya kwa kukosa kitu ambacho wao walilazimishwa, hiyo si historia, ni kujipigia debe.

26. Hapo ndipo sehemu ya tatu inaingia, maneno. Fikiria kijana wa miaka 15 anayesikia kutoka kwa mwalimu, mzazi, mhubiri na mheshimiwa kwamba kizazi chake ni cha wavivu. Hata ukiwa na uwanja wa dhahabu, umeshamwambia si wake. Maneno ni sera ya bei rahisi kuliko zote, na bado tunaikosea.

27. Sasa jukwaa la pili, la stadium. Kinoru hapa Meru ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa sababu ya CHAN 2018. Septemba 2017 Kenya ikanyang'anywa uenyeji, yakaenda Morocco. Juni 2018 Kinoru ikapokea sherehe za Madaraka. Uwanja wa Moi wa Embu nao ulitengenezwa kwa Madaraka ya 2023. Mnaona mtindo? Viwanja vyetu vikubwa vilijengwa kwa kalenda ya serikali. Ni vizuri kuwa navyo, mimi hujivunia Kinoru. Lakini uwanja mmoja wa kaunti nzima hauwezi kuwa kiwanja cha kila jioni cha binti wa Kianjai au wa Runyenjes.

28. Halafu kuna tournament ya mheshimiwa. Mnaijua. Jezi zenye picha yake, mpira mpya, kombe, mbuzi. Inakuja miezi michache kabla ya kura, timu za wavulana, na ikiisha nyavu zinaenda nyumbani na mwenyewe. Kijana anafundishwa kwamba mchezo ni zawadi ya mtu. Katiba inasema vingine.

29. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liko wazi. Serikali ya kitaifa inakuza michezo na elimu ya michezo. Kaunti inashughulikia michezo na vifaa na viwanja vyake. Shule za msingi na sekondari na walimu wao wako chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ukitaka P.E. ifundishwe, usimpigie kelele MCA. Ukitaka kiwanja cha wadi chenye taa, usimngojee waziri. Na NG-CDF inaweza kujenga shuleni. Wakirushiana lawama, nyinyi mjue mpira uko miguuni mwa nani.

30. Mtaala mpya umefungua dirisha. Michezo imeunganishwa na sanaa kama somo la junior sekondari, na kundi la kwanza la Gredi ya 10, la 2026, lina njia nzima ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hofu yangu ni moja: tukiifanya michezo kuwa njia ya wachache waliochagua, tutakuwa tumerudi kwa wale kumi na watano na wale mia sita, jina tu limebadilika.

31. Na kuna hatari nyingine ya kisiasa kwa hili neno kujiamini. Viongozi wanalipenda kwa sababu halina gharama. Leta mhamasishaji, nunua mikrofoni, waambie watoto wajiamini, piga picha. Lakini tumeona imani hiyo inatoka wapi: kwa kipindi cha P.E. kisichoibwa, dada wa jirani anayecheza, maneno mazuri, sodo, na kiwanja chenye hati. Ukiviondoa hivyo ukabaki na hotuba, umemwachia mtoto lawama.

32. Upande wa pili pia ni kweli. Ukijenga kiwanja na usishughulike na hofu, wavulana wale wale ishirini watakijaza na wasichana watakaa kando kama zamani. Pesa za simenti bila saa ya wasichana kwenye ratiba, bila kocha wa kike, bila taa na choo, zinanunua uwanja wa nusu ya watoto.

33. Basi ukienda kwa kikao cha maoni ya umma, uliza haya. Kiwanja cha wadi yetu kina hati kwa jina la nani? Ni saa ngapi za wiki zimetengewa wasichana? Kocha analipwa na nani baada ya kombe kuisha? Choo na taa ziko kwa bajeti ya mwaka gani? Na shuleni, kwa mkutano wa wazazi: P.E. ya watoto wetu inafundishwa Jumanne ngapi kati ya nne?

34. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya 30 Juni. Kelele za Agosti haziguzi kitu. Kelele za Machi zinagusa. Ukiwa na kijana wa miaka 15 nyumbani, mpeleke kwa hicho kikao na umwache aongee mwenyewe. Yeye ndiye anajua ni kizuizi gani humrudisha ndani saa kumi na moja jioni.

35. Nimefika mwisho. Kama wadi yenu ina kiwanja ambacho wasichana hukitumia kweli kweli, andika hapo chini ni wapi na nani alianzisha. Tukipata hata vitatu kati ya Mwea na Maua, uzi ujao utakuwa kuhusu namna vilivyofanikiwa.